Kamati Iliyosoma kwa Niaba ya Naila

Nilikuwa nimefika katikati ya tangazo, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, betri ya spika ilipoanza kuishiwa nguvu. Nikashuka kwenye baiskeli, nikakaza waya, nikaanza upya, ili asiwepo mwananchi aliyepata nusu ya taarifa.

"Mnatangaziwa," nilisema, "kwamba Kamati ya Kata ya Kumtafutia Mwalimu wa Ziada Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu ya Kujifunza imezinduliwa rasmi. Kuanzia leo mtu yeyote asimtafutie mwanafunzi huyo mwalimu bila kibali cha Kamati."

Dereva mmoja aliyekuwa anachemsha chai chini ya tela aliniuliza mwanafunzi huyo ni nani. Nikamwambia hilo ni suala la ndani ya Kamati. Akaniuliza kama ni yule binti wa mama muuza vitenge. Nikamwambia ndiyo.

Binti mwenyewe anaitwa Naila. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu. Wateja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliwasalimu kwa Kibemba chao, akapokea kwacha, akarudisha chenji ya shilingi bila kukosea. Lakini ukimwekea maandishi mbele alikuwa anasema herufi zinahama. Mwalimu wake wa darasa, aliyekuwa na watoto wengi hata wengine wanasomea dirishani, alimwambia mama yake kwamba mtoto huyu si mjinga. Anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, akae naye peke yake, taratibu.

Bi Mwanakombo, mama yake, alikuja ofisi ya kata kuuliza jina tu. Yupo mtu wa namna hiyo huku kwetu? Anakaa wapi? Mheshimiwa Lusubilo, diwani wetu, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Kamati, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwa upole kwamba jina si kitu cha kutolewa ovyo mlangoni. Jina hutafutwa.

Bahati nzuri fungu la fedha lilikuwepo. Lilitoka ofisi ya juu kwa ajili ya watoto kama Naila, na maelekezo yake yaliruhusu wajumbe kulipwa posho kwa kila kikao mpaka mwalimu atakapopatikana. Kwa hiyo Kamati iliona si busara kuharakisha.

Mimi nilikuwa katibu. Katika kikao cha kwanza niliuliza kama mtoto aitwe, wajumbe wamwone. Mwenyekiti alisikitika. Akasema mtoto mwenye shida asisumbuliwe na vikao, vikao vinachosha hata watu wazima.

"Sisi ni wawakilishi," alisema. "Tunawawakilisha wananchi kwenye suala la maji, na nyumbani kwetu maji yanatoka. Tushindwe kumwakilisha mtoto mmoja?"

Wajumbe wakagonga meza. Ikapitishwa kwamba wakati wa usaili Mwenyekiti atakaa mahali pa mtoto. Nikaazima kiti kidogo shule ya awali.

Wa kwanza kusailiwa alikuwa Mwalimu Danford, mstaafu kutoka Nanyala. Aliandika silabi ubaoni akamwambia Mwenyekiti asome. Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mtoto, akasema hajui. Akaambiwa asome tena. Akasema hajui, akaongeza na kulia kidogo, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu lakini wajumbe walilipokea vizuri. Mwalimu Danford alikuwa amefundisha maisha yake yote. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sikio la Mwenyekiti, ukalisokota. Usaili uliahirishwa mpaka sikio lipoe.

Wa pili alikuwa Ashraf, kijana wa kutoa mizigo forodhani, ambaye jioni anaendesha tuisheni kule Mpemba. Hakuja na chaki. Alikuja na simu mbili.

"Mheshimiwa, hapa mpakani hakuna mzigo unaokwama," alisema. "Kuna mzigo ambao haujaongelewa. Mtoto hajui kusoma? Poa. Tumwache mtoto, tuongee na mtihani."

Wajumbe walivutiwa sana na mbinu hiyo, na mmoja alichukua namba yake kwa shughuli binafsi. Tatizo lilikuwa kwangu mimi. Nilijaribu kuiandika kwenye muhtasari kwa njia tatu tofauti, na zote zilikuwa zinasomeka vibaya.

Wa tatu alikuja Tukuswiga. Alizaliwa milimani Ileje, amesomea chuoni kufundisha watoto wa namna ya Naila, na siku hizo alikuwa anaishi kwa dada yake Isansa bila kazi. Alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu kwa vumbi, na kikapu mkononi. Ndani yake mlikuwa na vibao vya plaiwudi, na juu ya kila kibao herufi moja iliyokatwa kutoka kwenye karatasi ya msasa, ule ule wa fundi seremala. Sauti yake ilikuwa ya kuita mtu aliye mlima wa pili.

Alitazama kile kiti kidogo, kisha akamtazama aliyekikalia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mimi ndiye," alisema Mwenyekiti.

Tukuswiga alimwangalia kwa muda, kama fundi anayepima mtu suti kwa macho.

"Umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kuwa hivi."

Mwenyekiti alinigeukia. Nilimnong'oneza kwamba, kwa mujibu wa taarifa za mtoto, jibu ni tangu kuzaliwa.

"Tangu kuzaliwa," akasema.

"Pole. Vua saa. Simu weka mezani. Funga macho, nipe kidole."

Alimpitisha kidole juu ya msasa, polepole, akifuata mwendo wa herufi. Mwenyekiti alikosea kwa makusudi, kama kazi ya uwakilishi ilivyotaka. Akarudishwa mwanzo. Akakosea tena. Akarudishwa tena, bila kelele wala haraka. Nadhani kufikia mara ya nne hakuwa anakosea kwa makusudi. Chai ilipoletwa alinyoosha mkono, na Tukuswiga akausogeza ule mkono ukarudi kwenye kibao, akasema chai ni ya waliomaliza herufi. Tangu Mheshimiwa achaguliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alimaliza herufi.

Mtu asiyejua taratibu angeweza kusema mwalimu amepatikana. Kamati haikufika huko haraka hivyo. Mbinu inapaswa kuthibitishwa kabla ya kumfikia mlengwa, na mtoto mmoja, hata akiwa Mwenyekiti, hatoshi kuthibitisha. Ikaamuliwa wajumbe wote watano wafundishwe kwa majaribio, kila siku mchana, na kila somo lihesabiwe kuwa kikao. Tukuswiga akaanza kazi. Wajumbe wakapewa viti vidogo, soda na posho.

Bi Mwanakombo alikuwa anamleta Naila kila siku baada ya shule. Wanakaa kibarazani, wanasikia sauti ya mwalimu kupitia ukutani. Nilikuwa nikitoka kuwaeleza kwamba suala lao liko hatua za juu.

"Za juu kiasi gani, mwanangu?" aliniuliza siku moja. "Maana mimi niko hapa chini."

Nikamwambia avute subira. Alimfunga Naila kilemba kilichokuwa kimelegea.

Wiki ya kufunga shule ilipoingia, alikuja Masudi, kaka yake Bi Mwanakombo, mwenye duka. Mkononi alikuwa na kigoda cha plastiki, kipya.

"Katibu, shule zinafungwa Ijumaa," alisema. "Nilimwambia dada, mtoto akiweza kuandika jina lake mpaka siku hiyo, ataendelea kusoma. Asipoweza, Jumamosi anakaa dukani moja kwa moja. Sina hasira. Ila naona muda unaliwa, na mlaji simwoni."

Kile kigoda kilikuwa cha dukani. Alikiacha pale kibarazani ili mpwa wake aanze kukizoea. Naila alikikalia, akaweka mikono magotini.

Jioni ile Tukuswiga aliniuliza kama wale wanafunzi wake watano wanajua kusoma. Nikamwambia wanajua.

"Sasa wanafanya nini mle ndani?"

"Wanawakilisha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kupanga vibao kwenye kikapu. Alisema Ijumaa anapanda gari kurudi kwao Ileje kuvuna maharage, kwa sababu yeye alisomea watoto, na wawakilishi hakuwasomea.

Kwa hiyo zilibaki siku chache, na Ijumaa ile ile ilikuwa imebeba vyote viwili, kuondoka kwa mwalimu na mwisho wa shule ya Naila. Niliwasilisha hoja hiyo kwa Mwenyekiti. Akasema ni nzito, iwekewe kikao chake, Jumatatu.

Jumatano mchana, katikati ya somo, gari la ofisi ya juu lilisimama nje bila taarifa. Alishuka Bi Felista, msimamizi wa lile fungu, mwanamke mfupi mwenye miwani na mkoba mmoja. Akaingia, akaona ubao, mwalimu, wanaume watu wazima watano kwenye viti vya watoto na soda mbele ya kila mmoja. Hakushangaa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba fungu hili ni la kufundisha wanafunzi, na kwamba pale ambapo hakuna wanafunzi waliofundishwa, waliolila watalirudisha kutoka mifukoni mwao.

"Wanafunzi wako wapi?" aliuliza.

Mimi ni katibu, sijibu kabla ya Mwenyekiti. Nilimtazama Mheshimiwa akitazama mlango. Nje ya mlango alikuwepo mwanafunzi, ila huyo hakuwa amefundishwa hata siku moja. Ndani walikuwepo waliofundishwa, ila hao hawakuwa wanafunzi. Kisha akafanya uamuzi, na sitaki kumhukumu, kwa maana ulikuwa uamuzi pekee uliokuwa hauna marejesho.

"Ni sisi, mama," alisema.

Bi Felista alivuta kiti. Akaangalia huku na huku, akaonyesha bango lililobandikwa ukutani nyuma ya meza ya Mwenyekiti.

"Pale pameandikwa nini?"

Pameandikwa HUDUMA HAPA NI BURE. Mwenyekiti alilitazama bango kwa muda mrefu.

"Sijui, mama."

"Uko kwenye ofisi hii tangu lini?"

"Huu muhula wa pili."

"Na bango lile hujawahi kulisoma?"

"Hapana."

"Naamini," alisema Bi Felista.

Aliwauliza na wajumbe wengine mmoja mmoja. Wote walishindwa kulisoma, na mmoja, kwa bidii ya kazi, alipindua kichwa kulitazama juu chini. Bi Felista alifunga mkoba. Akasema amezunguka sehemu nyingi lakini mahitaji makubwa namna hii hajapata kuyaona. Mwalimu aendelee, na mshahara wake ulipwe moja kwa moja kutoka juu. Wanafunzi hawa wahudhurie kila siku, na likizo pia, maana wako nyuma sana. Wanafunzi hawalipwi posho wala hawapewi soda. Na kwa kuwa mwanafunzi hawezi kuwa mjumbe wa kamati inayomtafutia mwalimu, Kamati imevunjwa tangu dakika ile.

"Mpaka lini, mama?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mpaka bango lisomeke."

"Mimi naona kama limeanza kusomeka," alisema mjumbe mmoja.

"Usijilazimishe," alisema Bi Felista. "Taratibu."

Tukuswiga alisema atabaki, kwa sharti kwamba nani akae wapi atapanga yeye. Bi Felista akakubali. Alipokuwa anatoka alimkuta Naila kwenye kigoda, mama yake kando. Akauliza hawa ni nani.

"Huyu ni mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. "Tunaisubiri Kamati."

"Kamati haipo tena, mama. Ingieni."

Naila aliingia na kigoda chake. Tukuswiga alikiweka mbele kabisa, akawaambia waliokuwa wajumbe wasogee nyuma, wakasogea na viti vyao makalioni. Vile vibao vya kikapuni vilikuwa vimechakaa kwa vidole vya wawakilishi, msasa umekuwa laini, hivyo akaniagiza nikate vipya, vikubwa, kwa ajili ya jina la mtoto. Niliazima mkasi. Nikakata N, nikaibandika. Nikakata A. Nikakata I. Kila nilipomaliza moja Naila aliichukua, akafumba macho, akaipapasa kwa kidole kuanzia juu, kama alivyoelekezwa. Alirudia A mara nyingi.

"Hii imetulia," alisema.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na msasa ulikuwa umeisha. Nilimweleza mwalimu, kama inavyopaswa, kwamba kazi haijakamilika. Zimebaki herufi mbili, L na A. Kesho asubuhi nitapita kwa fundi seremala kuomba kipande kingine.

Naila alifumbua macho. Alishika kibao cha pili katika vile vitatu, akakiweka mwisho kabisa, akaacha nafasi ya kibao kimoja kati yake na I.

"Anko katibu, A si ipo? Nikishaipapasa pale mwanzo, naileta huku."

Nilitazama. Ilikuwepo.

"Basi bado L tu," alisema.

Nikaandika kwenye kiganja changu, bado L. Huko nyuma Mheshimiwa alikuwa ameinua mkono muda mrefu, anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Tukuswiga alimwambia amalize kwanza herufi yake, na kama imemshinda, aifunike vizuri aikute kesho.