Taarifa ya Mheshimiwa Dalmas kuhusu Ziara ya Kanchanaburi na Nyumba ya Ruwais

Mheshimiwa Naibu wangu, Mheshimiwa Mweka Hazina, Mheshimiwa Msaidizi wa Mweka Hazina, wachungaji, masheikh, wauguzi na wahandisi wenye mikataba minene, madereva, na nyinyi dada zetu wa kazi za nyumbani ambao madam zenu wamewaruhusu kutoka Ijumaa hii, pamoja na nyinyi ambao hamkuruhusiwa. Itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, mimi Dalmas Ombati, Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wakenya wa Riyadh na Jeddah, nimepanda ndege asubuhi kutoka Riyadh ili nisimame mbele yenu hapa Ruwais, Jeddah, na kuwapa taarifa kamili, jumuishi na shirikishi kuhusu Nyumba ya Hifadhi ya wafanyakazi waliokimbia waajiri wao. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mtakumbuka kwamba tangu mawakala waanze kutuletea vijana kwa ndege nzima nzima, Kamati iliona pengo, ikalitazama, ikalijadili, ikaazimia kujenga nyumba. Lakini nyumba haijengwi kwa tofali peke yake, inajengwa kwa benchmarking. Ndiyo maana nilikubali, baada ya kushinikizwa na Kamati ninayoiongoza mwenyewe, kwenda na ujumbe mdogo, akiwemo mke wangu kama stakeholder, hadi mkoa wa Kanchanaburi, nchini Thailand.

(Sauti kutoka nyuma: "Kwani huko kuna Wakenya waliotoroka makafili, waajiri wao?")

Hapana, mama, na hilo ndilo funzo la kwanza. (Kicheko.)

Tulianza na maporomoko ya Erawan, ambako maji ya rangi ya zumaridi yanashuka daraja kwa daraja msituni. Nilivua viatu nikatia miguu majini, na samaki wadogo wakaja kula ngozi ya visigino vyangu, nami nikavumilia kwa niaba yenu. Tukaenda hekalu la Wat Tham Suea, lililo juu ya kilima, lenye sanamu kubwa ya Buddha ya dhahabu inayotazama mashamba ya mpunga. Kuna ngazi ndefu na kuna kigari cha kuvutwa kwa kamba. Wajumbe walipanda ngazi ili wajifunze ustahimilivu, mimi nikapanda kigari ili niwahi kuwapokea.

Kisha tukafika kwenye daraja la reli juu ya mto Kwai. Reli ile ilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mateka, pamoja na vibarua waliotolewa nchi za mbali, wengine kwa nguvu, wengine kwa kuambiwa kwamba kuna kazi nzuri. Walikufa kwa maelfu. Mateka wana makaburi yao mjini, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari na majina juu yake. Nikamuuliza mwongozaji, na wale vibarua je? Akasema wengi hawana jiwe, hakuna aliyeandika majina yao. Ndugu zangu, nilisimama pale nikaguswa sana, nikapigwa picha. Picha hiyo mtaiona kwenye banner mkitoka.

Sasa nije kwenye mafanikio. Kuna dada mmoja ambaye jina lake nitalificha kwa usalama wake, anaitwa Sellah, aliyekuwa akifanya kazi kwa familia moja kule mtaa wa Al-Nuzha. Mkataba wake ulipoisha alimwambia madam, "Halas, imetosha, nataka kwenda nyumbani." Madam akamjibu, "Mafi," yaani hakuna. Ikama, kibali chake cha kuishi huku, na pasipoti vikafungiwa kabatini, simu nayo ikachukuliwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesikia ujumbe wangu wa sauti, niliousambaza kwenye makundi yenu, nikisema kwa ufasaha kwamba Nyumba ya Hifadhi iko Ruwais, karibu na bahari, mlango wa kijani. Basi siku alipotumwa kutupa taka, aliacha mfuko pale pipani akaenda zake. Jua la Jeddah mnalijua. Alifika huku akaanza kugonga kila mlango wa kijani aliouona.

(Mwanamke aliyefunika uso, safu ya pili: "Niligonga mpaka wa duka la samaki. Mzee mmoja akanipa maji, akaniambia yalla, rudi ulikotoka.")

Asante, dada, kwa kuthibitisha. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya walioitafuta nyumba yetu waliitafuta kwa moyo wote.

(Mwanamke huyo: "Mheshimiwa, huo mlango uko wapi?")

Mlango ule, dada, ulikuwa maono, na mradi wowote wa maana huanza na maono. Rangi ilishapitishwa na kamati ndogo. (Minong'ono.)

Niendelee. Muuguzi mmoja anayeitwa Jepkoech alimkuta Sellah ameketi mlangoni mwa jengo lake, kandambili zimekatika, akampandisha chumbani kwake, bila idhini ya Kamati, akampa chai. Baadaye akaja mwingine, na mwingine tena. Leo wanalala wanne sakafuni, na Jepkoech akirudi zamu anavuka miguu ya watu ili afike kitandani. Mwenye jengo akijua, Jepkoech naye atafukuzwa. Kamati inautambua mchango huo kama ushirikiano na sekta binafsi.

(Jepkoech anasimama: "Mheshimiwa, sikuja kutambuliwa. Mmoja wao ana homa kali tangu juzi, anaogopa hospitali kwa sababu hana ikama. Nyinyi mna gari, na dereva wenu anajua Kiarabu. Naomba tumpeleke sasa hivi.")

Hoja nzito sana, Sista, na itaingia kwenye roadmap ya awamu ya pili. Gari, kwa bahati mbaya, linanirudisha uwanja wa ndege.

(Ian, dereva wa Kamati, anachukua ufunguo mezani mbele ya Mwenyekiti. "Twende, Sista," anasema. Sellah, yule aliyefunika uso, na Jepkoech wanatoka naye. Wanawake wanainuka, safu baada ya safu, wanawafuata.)

Ian, hilo ni gari la ofisi. Ian. Sawa, Kamati imeidhinisha. Mliobaki, karibieni mbele tumalizie kwa hamasa. Nikisema "Hifadhi", mseme "Yetu". Hifadhi. (Kimya.) Nikisema "Ruwais", mseme "Nyumbani". Ruwais. (Msaidizi wa Mweka Hazina anakohoa.)

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mwenye kiwanja, ambaye hatukuwahi kuonana naye, fundi ambaye hatukumwajiri, na mchoraji wa ramani ambayo haikuchorwa. Kwa kuwa nyumba hii haijawahi kuwepo, haina ufa, haina mlalamikaji, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kufukuzwa humo. Ni kamati chache duniani zinazoweza kusema hivyo. Asanteni sana. Na kama kuna aliyebaki ambaye anaelekea uwanja wa ndege, ninaomba lifti.