Faili la Mwalimu Sipriani Lagoma Kufunguka

Romana alipita kijiweni kwetu Somanga akitokea duka la kompyuta, macho mekundu. Hamida muuza kahawa akamkalisha kwenye benchi na kumuuliza kulikoni.

Marehemu baba yake, Mwalimu Sipriani, alitumia uzee wake kukusanya hadithi za Kimatumbi na kuzichapa mwenyewe. Sasa faili limegoma. Fundi wa dukani amesema ni la kizamani, programu mpya hailitambui. Alipolilazimisha, likatoa vimraba na alama za kuulizia.

Majid, tunayemwita Spika kwa kupenda kusema, akauliza kama programu hiyo ni ya kampuni nyingine. Romana akajibu ni ileile, toleo jipya tu.

"Msahafu wa babu yangu uliandikwa kwa mkono, na mpaka leo tunausoma," Spika akasema. "Hawa juzi tu wameandika, leo wameshasahau mwandiko wao."

Twalib akaingilia. Yeye ni Injinia, cheo alichokipata kwa kozi fupi ya kompyuta aliyosoma Dar. Akaeleza kwamba teknolojia lazima isonge mbele, na mafaili ya zamani hufungiwa kwa usalama, maana hubeba virusi.

Spika akataka kujua ni hadithi gani ya fisi iliyowahi kuambukiza mtu. Injinia akasema tatizo letu ni kutokuelewa. Hamida akamwambia aliyeshindwa kuelewa hapa ni kompyuta yake, maana watu wa Kinjumbi waliomsimulia mwalimu hadithi hizo wanazielewa vizuri.

Kisha akakumbuka kwamba parokiani, alikokuwa akichapia mwalimu, bado ipo ile kompyuta ya kichogo. Injinia akacheka, akasema ile hata jumba la makumbusho lingeikataa. Hamida akamwachia Spika birika, akaondoka na Romana.

Baada ya alasiri walirudi na bunda la karatasi. Faili lilifunguka lote, bila kukosa hata nukta. Romana akatusomea hadithi ya bwana harusi aliyekula ubwabwa wa wageni. Spika alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema mama yake aliisimulia vilevile.

Injinia akakohoa. Akamshauri Romana amwachie flashi, alihamishie faili kwenye toleo jipya kabisa.

Romana akazikunja karatasi ndani ya kanga yake.

"Ili mwakani tulifanyie na lenyewe arobaini?"