Kofia ya Barzilai Yenye Maua Mawili

New Jersey, Jumanne, 1 Julai 1800

Wakili Vandevere anatafuta kijana wa kumfundisha sheria. Ijumaa, Sikukuu ya Uhuru, Barzilai wangu atasoma Tangazo la Uhuru kanisani mbele ya Washirikisho, chama cha Rais. Akisoma vizuri, nafasi ni yake. Eti akisoma vizuri! Mtoto niliyemzaa mimi!

Jioni akaja Tuttle mwenye baa. Warepublika, wapinzani wao, nao wanataka msomaji, alasiri, chini ya mlingoti wao wa uhuru. Nikakubali. Mama gani anatosheka na nusu ya makofi?

Alhamisi, 3 Julai

Tatizo. Washirikisho huvaa kofiani ua jeusi la utepe. Warepublika, la rangi tatu. Ukikosea unakula ngumi. Wakili anasema uhuru ni kuheshimu sheria. Tuttle anasema uhuru ni kumsema Rais usilale jela. Kelele tupu.

Nimeshona yote mawili, kila ua upande wake. Barzilai ageuze tu kofia. Kaniuliza, Mama, una hakika? Nikamwambia akili yake kaitoa wapi?

Ijumaa, 4 Julai

Lo! Kanisani wanaume huvua kofia! Barzilai kaiweka yake mezani, rangi tatu zikiwakodolea watu macho. Wakili akanguruma, nani kaleta jasusi? Tuttle, aliyekuwa akichungulia mlangoni na wenzake, akajibu jasusi ni babako, huyo kijana wetu. Kisha akaliona ua jeusi upande wa pili. Wakaingia wote, ngumi juu.

Barzilai akaanza kusoma. Polepole. Alipofika kwamba watu wote wameumbwa sawa, ngumi zikabaki hewani. Kisha zikashuka. Wakili na Tuttle bega kwa bega, machozi yanawatoka. Kila mwaka nayasikia maneno hayo. Leo yalikuwa makubwa kuliko kanisa. Kule juu, kwenye roshani ya watumwa, Dina, mtumwa wa Wakili, kasimama, hapepesi macho. Nilishindwa kumtazama.

Barzilai alipomaliza, Wakili na Tuttle wakaanza kugombania ni wa nani.

Jumamosi, 5 Julai

Wakili kaja. Hataki kijana wa pande mbili, ila anagombea kiti Oktoba, na mimi ni mjane mwenye shamba. Hapa New Jersey wajane wenye mali tunapiga kura. Akasema kwa upole: Mama Barzilai, nipe kura yako, Jumatatu naanza naye. Nikamwahidi. Mara Tuttle, naye mgombea, kaniletea jibini. Nikamwahidi kura yangu pia.

Wamekutana langoni. Wanaongea. Sasa wote wawili wananitazama.

Bila shaka wanamsifu Barzilai.