Kola za Karatasi

Jumatatu, 3 Machi
Barua imekuja. Mkaguzi wa mnunuzi wetu anafika keshokutwa. Anataka karatasi za majora ya pamba: imelimwa shamba gani, nani kaichambua, nani kaisokota, nani kaifuma, rangi imetiwa wapi. Eti siku hizi nguo lazima ijulikane ukoo wake. Mimi babu wa babu yangu simjui, na niliolewa vizuri tu.

Bila karatasi, oda ya mashati mia nne inavuka barabara kwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, naye anashonesha. Wanawake sita wanaoshona chumbani mwangu warudi makwao, na wifi acheke dirishani. Hilo halitatokea nikiwa na meno. Ninayo manne. Yanatosha.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ameuliza karatasi ziko wapi. Nimemwambia ziko kazini. Sikusema uongo. Zilikuja zimefungwa kwenye majora, ngumu, hazipindi. Nikazikata umbo la kola na la mikono. Ndizo tunazoweka juu ya kitambaa tukachora kwa chaki. Karatasi nzuri hivyo ya kusomwa tu? Israfu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Kaka yangu atakuwa mkulima wa pamba. Maishani mwake hajapanda kitu ila kitanda, lakini ana sura ya shamba.

Mkwe amekataa kuandika karatasi mpya. Anasema huko ni kughushi. Nimemwambia kughushi ni kazi ya wasomi; mimi niliishia darasa la tatu, naandika tu. Nimeandika mwenyewe, herufi kubwa. Shamba la kaka: ekari mia. Alitaka mia mbili. Nimemkatalia. Sipendi uongo.

Wifi alivuka kuja kuazima sindano. Dukani kwake anauza sindano! Alikuja kuchungulia. Akanieleza kwamba kila jora lake lina faili lake. Nikampa hongera, nikauliza kama na mashati yake siku hizi yana mabega. Akaondoka bila sindano.

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi ni msichana. Viatu vya raba. Chai hakunywa. Amesoma karatasi zangu polepole, kisha akataka kumwona mkulima. Kaka akakaa kama chifu. Akaulizwa pamba yake anaivunaje.

"Kwa ngazi," akasema. "Vijana wanapanda juu kabisa, mimi nashikilia chini."

Mzee wa watu anaujua msufi tu, ule mti mrefu tunaojazia sufi zake kwenye mito. Mpamba haumfiki hata kifuani! Nikasema ya kaka yangu ni mbegu mpya. Mkaguzi akaandika na hilo.

Halafu akainua macho. Ukutani, kwenye msumari, zinaning'inia kola zangu za karatasi, na moja ina muhuri mwekundu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Akaziteremsha zote, akazipanga mezani, kola kwa kola, mkono kwa mkono. Zikaungana. Shamba lipo. Wachambuzi wapo. Wasokotaji na wafumaji wapo. Kipande cha rangi hakipo. Hapo ndipo panapoandikwa kama maji ya rangi yanachujwa au yanamwagwa mtoni. Bila hicho, akasema, oda yote inaondoka.

Wanawake wangu sita wakasimamisha cherehani. Wote macho kwangu.

Nilijua kiliko. Ndani ya shati la mfano, lile ambalo mnunuzi alilisifu kwa kola iliyosimama. Kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola kiliniishia siku ile. Ningefanyaje? Na shati lenyewe mkaguzi alikuwa nalo mkobani.

"Mwanangu," nikamwambia, "nipe hilo shati. Na mtu asicheke."

Mkwe akaleta wembe. Nikaifumua mbele ya watu kola niliyoishona vizuri kuliko zote. Kipande kikatoka: maji yanachujwa. Mkwe alicheka. Nilimwona.

Alhamisi, 6 Machi
Uamuzi umetoka. Nusu ya oda inabaki kwangu, nusu imekwenda kwa wifi. Wanawake watatu wamebeba mito yao ya viti, wakavuka barabara. Sikuwaaga. Nilikuwa natunga uzi.

Na nusu yangu ina sharti: daftari. Kila siku niandike nini kimeingia, kimetoka kwa nani, mabaki ya vitambaa yamekwenda wapi. Miezi mitatu. Mkaguzi atakuja bila kutaja siku. Akikuta daftari halieleweki, na nusu hii inavuka.

Wifi kaja kunipa pole, faili tupu mkononi.

"Wifi, nikufundishe? Ni rahisi tu."

"Jifunze kwanza kutia mikono," nikamwambia. "Wateja wako wanatembea kama wanaogelea."

Faili nimelichukua.

Ijumaa, 7 Machi
Daftari nimelimaliza. Lote, mpaka tarehe sita Juni. Nimeanza baada ya chai, na kufika adhuhuri nilikuwa nimeshaivuka Mei.

Mkwe ameshika kichwa. Anasema daftari linaandikwa siku kwa siku. Nimemwambia wavivu ndio wanaongoja siku ifike. Wala sikujipendelea: tarehe tisa Aprili jora limechelewa, nimemgombeza dereva. Tarehe ishirini Mei nina mafua, mabaki hayakupimwa. Nani atasema bibi huyu hasemi kweli?

Na Jumatatu ya tarehe kumi na nne Aprili mkaguzi amekuja ghafla. Amekuta kila kitu sawasawa, amekunywa chai vikombe viwili, ameniomba radhi.