Uzinduzi wa Jukwaa la Kuwaokoa Waliokwama na Skripti

(Hema kubwa mjini Gisenyi, si mbali na ziwa, Jumamosi asubuhi. Anayehutubia ni Mheshimiwa Rutagengwa, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Mageuzi ya Kidigitali.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, na wewe Mheshimiwa unayemwakilisha mwakilishi huyo kwa kuwa naye yuko semina, waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, zinazopanda na zinazoshuka, maafande wa usalama, ninaowaona na nisiowaona, mashehe na wachungaji mliogawana sala ya ufunguzi bila kugombana, wafanyabiashara wa mpakani, mafundi cherehani, vijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, mliozima injini zenu kwa heshima yangu, na ninyi wakulima wapendwa wa Bugeshi, mliobebwa na mabasi yetu alfajiri kutoka milimani ili mje kupiga makofi kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi. Aliyesahaulika anapiga kwa nguvu zaidi.)

Nitahutubia kwa Kiswahili sanifu nilichokulia nacho Tanzania, kwa sababu ni lugha ya Jumuiya, na kwa sababu kwa Kinyarwanda mngenielewa haraka mno. (Vicheko. Mheshimiwa hakukusudia mzaha.)

Ndugu wananchi, leo tunazindua Jukwaa Jumuishi Shirikishi la Msaada wa Mtandaoni kwa Wanaoanza Skripti na Uchakataji wa Maandishi. Mtaniuliza, tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba kijana wetu anaandika skripti yake ya mistari mitatu, ya kupanga majina tu, kompyuta inakataa, naye anakimbilia mtandaoni kuomba msaada, na huko anajibiwa na nani? Anajibiwa na mtu asiyemjua, aliyevaa kaptula, ambaye bila salamu, bila kuuliza hali ya wazee wala ya ng'ombe, anamwambia, "Umesahau kufunga mabano." Anamwambia papo hapo! Dakika hiyo hiyo! Je, huo ni utu? (Sauti chache: "Hapana!" Sauti moja: "Lakini inasaidia!")

Jukwaa letu litarudisha adabu. Swali litaanzia umudugudu, yaani kijijini, litapanda hadi akagari, ngazi ya juu yake, litapigwa mhuri ofisi ya sekta, litajadiliwa na wadau, na likionekana lina tija litashuka kwa mwenyewe likiwa na pongezi. Swali lisilo na mhuri ni uvumi. Katika imihigo, ile mikataba ya ahadi za kazi niliyotia saini mwenyewe, niliahidi kujibu maswali yote, na nafurahi kuwaarifu kuwa tumefikia asilimia mia moja na kumi na mbili, maana tumejibu hata yale ambayo hayajaulizwa. Tulifanya pia umuganda wa kidigitali, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wananchi wakaja na majembe, nami sikuwarudisha nyumbani: tulilima eneo lote la mbele ya ofisi, na hadi leo hakuna kirusi cha kompyuta kilichoota pale. (Makofi marefu.)

Nije kwenye kiini. Ofisi yangu itahakikisha kwamba programu wote wanavuliwa kwa nyavu halali, wanaparuliwa magamba mapema, na wanauzwa juu ya barafu, kwa sababu programu mmoja akioza wote wameoza, na wahenga hawakukosea waliposema mkunje programu angali mbichi. Akina mama waliozoea kukaanga programu kando ya barabara watajengewa vibanda, na paka hawataruhusiwa. (Mtoto anacheka. Watu wazima wanamfuata.)

Naona mnashangaa, na ninyi mna haki ya kushangaa, kwa kuwa mnashuhudia teknolojia ikifanya kazi mbele ya macho yenu. Katibu wangu Bahizi aliichukua hotuba yangu ya mwaka jana, ile ya kuzindua soko la kisasa la samaki, akabonyeza mara moja tu, na samaki wote wakageuka programu. Mara moja! Zamani kazi hiyo ingechukua makarani wiki nzima. Sasa mtu aniambie uchakataji wa maandishi haujafika wilaya yetu ya Rubavu! (Makofi. Habib, dereva wa moto, anapaza sauti: "Mzee, na ile soko ya samaki iko wapi?") Soko liko kwenye mchakato, Habib. Mchakato ni kitu kikubwa kuliko soko.

(Mwanamke aliyeingia sasa hivi amesimama katikati ya hema, mkono juu.) Nani huyo? Mpeni kipaza sauti, tuwe shirikishi.

("Mi naitwa Illuminée, niko katibu wa koperative ya viazi, Bugeshi. Mzee, nilileta swali ku ofisi yenu, iko wiki tatu. Majina ya wakulima na namba zao za simu imeshikamana yote mu mustari moja. Nataka skripti ya kukata tu, jina huku, namba huku, juu niweze kutumia wote ujumbe. Donc, nilishuka huku tangu jana kungoja jibu. Mi nimechoka, mzee.")

Swali zuri, mama, lakini umeingia bila hodi. Itifaki iko wapi? Anza tena, utusalimu kwa ngazi, kisha utusomee huo ujumbe wenyewe, tuone kama una tija.

("Bon. Waheshimiwa wote, itifaki, itifaki. Ujumbe ni hii: mbegu ya viazi inafika Bugeshi leo, mbele ya saa sita. Mutu akuje na mufuko. Lori haitangoja. Mwenye kukosa, ni mpaka mwaka ingine.")

(Nusu ya hema imesimama. "Ati leo?" "Yewe! Na sisi tuko huku!" Illuminée ameshika kichwa: "Mungu wangu, ninyi muko huku? Mi nilijua muko ku kilima!")

Ketini, ndugu zangu, ketini! Mmeona wenyewe: swali limeulizwa, ujumbe umewafikia walengwa wote, bila skripti, bila hata mtandao! Bahizi, andika, kesi ya kwanza imetatuliwa. (Mama Mukantwari, mkulima, machozi yakimtoka: "Saa tano tayari, mzee! Mvua imeanza, shamba iko tupu. Watoto wangu watakula nini, makofi?") Mama, usilie mbele ya wageni. Mabasi yatawashwa baada ya shukrani, na shukrani haziwezi kurukwa, maana tukianza kuruka shukrani tutaishia wapi?

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu nilionao kuliko wenzangu, nawashukuru wafadhili waliotutakia heri. Naishukuru hoteli iliyotuazima maboksi ya friji, haya mnayoyaona yamepangwa hapa mbele yakiwa yameandikwa SEVA. Nawashukuru waliotuazima utepe wa harusi. Na kwa namna ya pekee namshukuru dereva Nkusi, mzalendo wa kweli, ambaye tulipokosa gari la kubeba viti alikuwa njiani anapanda Bugeshi na mzigo wake wa mbegu, tukamsimamisha, akatii, akaishusha mbegu yote nyuma ya hema hili, na viti mnavyokalia...

(Illuminée: "Mbegu iko wapi?" Nkusi, kutoka mlangoni: "Iko hapa nyuma, mama! Yote!" Vigelegele. Wakulima wanatoka mbio. Mama Mukantwari amevua kitenge cha begani afungie mbegu. Makonda wa mabasi wanawafuata kusaidia kubeba. Mashehe na wachungaji nao wanatoka kuangalia.)

Ndugu wananchi! Bado sijafika kwenye kaulimbiu! (Hema lina viti na Bahizi.) Haidhuru, hotuba ni ya kumbukumbu. Nasema hivi: skripti oyee! (Bahizi: "Oyee.") Jukwaa oyee! (Bahizi: "Oyee, mzee.") Niwashukuru kwa uvumilivu wenu, na niwahakikishie kwamba jukwaa lenyewe, pamoja na tovuti yake, na kompyuta zake, na watu watakaojibu maswali, litaanza kutafutiwa bajeti mara tu soko la samaki litakapotafutiwa kiwanja. (Nkusi anaingia, anaanza kukunja viti, safu ya kwanza kwanza.)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Bahizi, usiifute hiyo hotuba. Mwakani bonyeza tena, programu wote wawe viazi.