Filimbi Kifuani Mwangu

Jumamosi, 7 Juni

Nimevumbua mrija wa kasi! Kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi tunayoivuta kwa mirija mirefu, kwa Omoding hapa Bulumbi, sote tunachanga sawa, lakini jirani yangu Ikwap anavuta pombe kama ng'ombe mtoni. Mimi nacheleweshwa na kichujio, kile kikapu kidogo cha kuzuia machicha kwenye ncha ya mrija. Nimeking'oa. Mahali pake nimepachika kifuniko cha kalamu, nimekitoboa kwa sindano ya moto. Kuchezea mrija ni marufuku. Ukikamatwa unafukuzwa chunguni. Lakini nani amkamate fundi?

Jioni. Mrija umefanya kazi, tena kupita kiasi. Kifuniko kilichomoka, kikapanda na pombe mpaka mdomoni. Papo hapo Ikwap akaungua ulimi kwa maji moto yaliyoongezwa chunguni. Nikavuta pumzi ili nimcheke vizuri. Sikucheka. Nilikohoa hadi machozi. Omoding alinipiga mgongoni, akasema nimepaliwa na machicha. Nikakubali upesi.

Jumapili, 8 Juni

Kikohozi kimepungua. Bila shaka kifuniko nimekimeza. Ila kanisani, mchungaji alipotuomba tunyamaze tusali, kifua changu kilipiga filimbi. Watu wakageuka. Nikamkazia macho mama aliyekaa mbele yangu. Mungu anisamehe, wote wakaamini ni yeye.

Mchana nimemeza matonge ya posho, ugali wetu, bila kutafuna, dawa yetu ya mwiba wa samaki. Nimeshiba sana. Filimbi ipo palepale.

Jumanne, 10 Juni

Kliniki. Mhudumu aliuliza kama kuna kitu kilichonipalia. Nikasema hapana. Ningesema nini? Ni dada yake Ikwap! Akanipa dawa ya pumu. Pumu! Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa mgonjwa wa heshima. Mke wangu Teopista kanichinjia kuku. Ikwap naye kaja na sukari kunipa pole. Mnafiki. Sukari nimeipokea.

Ijumaa, 13 Juni

Homa. Makohozi yananuka. Kufunga kamba za viatu tu nahema. Nimemwambia Teopista kwamba Ikwap ameniroga. Akauliza kama ni Ikwap pia aliyeng'oa kichujio cha mrija wangu na kuiacha kalamu yangu bila kifuniko. Mwanamke huyu wangemweka mpakani, magendo yangekwisha. Akaanza kulia.

“Wewe nakufa na siri ya pombe,” akasema. “Mimi naambia watoto nini?”

Nimeogopa. Nimeogopa kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Tororo. Daktari Harriet alinisikiliza kifua: kushoto hewa inaingia vizuri, kulia filimbi. Picha ya eksirei haikuonyesha kifuniko chochote. Nikashukuru, nikaanza kuvaa shati. Akaniambia nikae. Plastiki mara nyingi haionekani kwenye picha, na pafu langu la kulia lilikuwa limejaa hewa isiyotoka. Akauliza tena kama nilipaliwa. Nikafungua mdomo niseme hapana. Teopista akanikanyaga.

Nikasema yote. Nesi alitoka nje kucheka. Daktari hakucheka. Alisema ningekaa nacho zaidi, pafu lingeoza. Kanipa barua ya hospitali kubwa, niende leo leo.

Jumatano, 18 Juni

Wamenilaza kwa dawa ya usingizi, wakapitisha mrija mwembamba kooni mpaka kwenye njia ya hewa, wakakibana kifuniko na kukitoa. Napumua! Hewa tamu kuliko malwa. Nimelia mbele ya wodi nzima, na Teopista naye kalia.

Ikwap amekuja kunitazama. Habari zimeshafika Bulumbi. Omoding amenifukuza chunguni mpaka Krismasi. Ikwap alinieleza kwa sura ya huzuni iliyomshinda kabisa.

Ijumaa, 20 Juni

Naruhusiwa kwenda nyumbani. Nimeahidi kutochezea tena mrija wa pombe. Kisha nikamwomba daktari wa hapa anionyeshe wake. Jamani! Unakunja kona. Ncha yake ina taa na jicho. Na unafyonza! Ukirefushwa kidogo, mtu aliyefukuzwa anakaa zake nyuma ya nyumba ya Omoding, anaupenyeza chini ya mlango, anaona mpaka kitako cha chungu.

Nimemwuliza unauzwa wapi. Akauliza nataka kutibu ugonjwa gani.

Nimemwambia kiu.