Safari Yangu na Mkwe na Kinu cha Dada

Jumatano, 4 Machi

Umefika. Najua ni wewe, mjukuu wangu, maana hakuna mwingine anayeinua godoro langu bila hodi na kuchomoa daftari. Umepotelea wapi muda wote huu? Kunipigia simu na kukata kabla sijakaa vizuri siyo kuja. Kaa hapo, soma, ujue yaliyonipata wakati wewe una shughuli zako zisizoisha. Mwandiko usiucheke. Shule sikuiona, herufi nimezijulia kwenye karatasi za mikate nilipokuwa nikiisambaza kwa baiskeli.

Leo kaja mama yako. Kaona kiwiko kimechubuka. Nikamwambia nimejigonga mlangoni. Fundi cherehani wa jirani, mdomo wake hauna pindo, akadakia kutoka barazani kwake kuwa mlango wenyewe uko mtaroni, karibu na mashine ya kusaga. Ikawa kesi ya kuanguka na baiskeli. Mama yako kasema baiskeli iondoke, nipumzike kama wazee wenzangu. Baiskeli yangu! Wanangu wote wamezaliwa ikinisubiri nje. Nikamwambia anipe mtu mzima niende naye kwa dada yangu, ng'ambo ya daraja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nikishindwa, waichukue. Akasema haya, atamtuma baba yako akaone kwa macho yake.

Baba yako. Mtu wa ofisi ya bima, anapanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Ijumaa, 6 Machi

Sijalala kwa kupanga. Mimi kufika nitafika, ila nikihema njiani atanisemea kwa mkewe. Dawa ni yeye achoke kwanza. Shahidi aliyelala chini ya mti hana cha kusema.

Nimekwenda kwa fundi baiskeli kumtafutia baba yako ya kuazima. Nikachagua ile nyekundu inayong'aa, halafu nikamwomba fundi akaze breki ya nyuma kidogo. Akasema itashika gurudumu. Nikasema ndiyo, ishike, ila isilie. Akaniuliza mkwe kanikosea nini. Nikamwambia akaze na mdomo wake pia.

Kisha nikakumbuka dada yangu ananidai kinu tangu mwaka juzi. Kinu cha mti mgumu, mimi mwenyewe nakibingirisha tu, kukibeba siwezi. Fundi kakipandisha kwenye keria ya ile nyekundu, nami nimekifunga kwa mpira wa tairi. Mzigo wa dada wa mama mkwe wake, atakataaje?

Nimelala na furaha.

Jumamosi, 7 Machi

Baba yako kaja alfajiri na kaptura ya kubana, ile ya wanaoshindana kwenye televisheni. Mbele ya mama mkwe! Mimi naangalia dari, yeye anaangalia sakafu. Nikampa koti refu la marehemu babu yako, akalivaa, likamfika magotini. Kinu pia akakipokea. Kasema tu, "Asante, mama." Yule kijana kalelewa, hilo silikatai.

Tukatoka. Akagoma kutangulia, eti hawezi kumpa mgongo mama mkwe. Hapo ndipo mpango ulipoanza kuniharibikia. Yuko nyuma, simwoni anavyokufa. Kila nikigeuka, anatabasamu. Ananiuliza kama nahitaji kupumzika. Nasema mimi? Labda yeye. Anasema hapana, mama, labda wewe. Tukasukumana kwa heshima hivyo hadi kijito cha pili, hakuna anayekubali kushuka. Mapaja yananiwaka, nikaimba ili ajue pumzi ninayo. Akaitikia kiitikio. Kwa sauti nzito, nzuri. Niliudhika.

Kwenye mwinuko wa machimbo nikasema sasa anaanguka. Nikasikia, "Mama, simama kidogo." Moyo ukaruka kwa raha. Kashuka, jasho linamchuruzika kwenye koti, akaniambia imemuuma kuniona nahangaika na baiskeli kuukuu wakati yeye kijana kapanda mpya. Tubadilishane.

Ningesema nini? Kwamba hiyo mpya nimeiroga mwenyewe? Nikakataa. Akasema akifika nyumbani mkewe atamuuliza kwa nini alimwachia mama yake mkweche. Nikapanda nyekundu.

Mjukuu wangu, nilikutana na kazi ya mikono yangu. Napiga pedeli, breki inanivuta, kinu kinanikalia mgongoni kama mtoto aliyekataa kuachishwa ziwa. Baba yako kayoyoma na baiskeli yangu, koti linapepea, yeye ndiye anaimba sasa. Ilibidi nishuke nisukume. Nimesukuma hadi darajani, na hapo nikamkuta ananisubiri. Kaniona kwa miguu. Nikajua baiskeli yangu imekwenda.

Lakini akagusa gurudumu la nyuma, akaungua kidole. Akachungulia breki. Uso ukambadilika. Karibu apige magoti. Kampa mama mkwe baiskeli mbovu, tena yenye kinu! Akaniomba radhi, akaniomba nisimwambie mama yako. Nikainama, nikakohoa, nikamwambia mambo hutokea, mwanangu, nimekusamehe. Nilisema kwa upole kiasi kwamba na mimi nilianza kuamini.

Akailegeza breki. Tukafika. Dada yangu akakiangalia kinu, akasema siku hizi ana mashine ya umeme.

Kurudi, baba yako akang'ang'ania ile kuukuu. Kasema yeye ndiye anayestahili kuteseka.

Jumapili, 8 Machi

Magoti hayakunjiki. Nimekunywa uji nimesimama. Mama yako kapiga simu akilia kwa fahari. Kaambiwa mama yake kapanda machimbo na mzigo bila kulalamika. Kasema suala la kuacha baiskeli limekwisha, asilisikie tena. Nimeshinda.

Jumatatu, 9 Machi

Sikushinda. Baba yako kaja na ile nyekundu. Kainunua. Ni yangu, kifuta machozi, ili mkweche usinitese tena. Mkweche kauchukua yeye, anakwenda nao kazini, anasema acha aumie, ni halali yake. Nilimtazama akikata kona na baiskeli yangu, anapiga kengele yangu. Nikapunga mkono. Ningefanya nini?

Lakini nimekaa nimefikiri. Bomba la chini ya kiti ni tupu ndani. Akija kunisalimu Jumamosi ijayo, akaiacha baiskeli mlangoni, nalijaza. Itakuwa nzito hadi airudishe mwenyewe kwa miguu yake. Safari hii hakuna kinachoweza kwenda kombo.

Kwa hiyo usinisahau tena. Ukija mara nyingine, pitia mtoni, uniletee mchanga. Mkavu, uliochekechwa, mfuko mzima.